Mwongozo kamili: Geuza simu ya zamani iwe simu ya muziki tu, kisha sikiliza mpaka muziki mpya ukuingie

Watu wananiletea lalamiko lilelile. Mtu katoa simu ya zamani kabatini, kaijaza nyimbo mpya, kaapa kwamba kuanzia leo atasikiliza muziki kwa utulivu bila WhatsApp kumkatiza. Siku ya kumi simu imerudi kabatini. Wengine hata huko hawafiki: simu imejifunga, kadi imekula nyimbo, au katikati ya albamu inaingia sauti ya mwenyekiti wa kamati ya harusi akidai michango.

Nimewauliza mmoja mmoja walikwama wapi. Ni sehemu zilezile nane, kwa hiyo hatua ziko nane. Fuata mpangilio huu huu. Wengi walioharibikiwa walianza na hatua ya tano kwa sababu ndiyo tamu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu ya zamani ya Android yenye tundu la hedifoni na sehemu ya memori kadi. Kioo kilichopasuka si tatizo. Yangu imepasuka kona tangu zamani na haijanidai chochote. iPhone haina sehemu ya kadi, kwa hiyo maelezo haya hayaifai.
- Memori kadi ya GB 32. Usiende zaidi ya hapo. Simu nyingi za zamani husoma GB 32 bila matata, lakini kadi ya GB 64 na kuendelea huja na mpangilio mwingine wa faili ambao baadhi ya simu hizo haziuelewi. Nafasi isikutie wasiwasi: MP3 ya kiwango cha juu, yaani kbps 320, hula MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo kadi hiyo inabeba zaidi ya saa 200 za muziki.
- Hedifoni za waya. Blutuuthi inakula betri, na betri ya simu hii tayari ni mzee.
- Waya wa USB unaopitisha data. Hapa wengi hupoteza nusu siku. Waya nyingi za bei ya chini zina njia ya umeme tu, simu inachaji lakini kompyuta haiioni. Jaribu waya wako kwanza kabla ya kulaumu simu.
- Kompyuta kwa saa mbili tatu. Ya kuazima inatosha.
- Kijiti cha meno cha mti, mswaki mkavu, daftari na kalamu. Daftari si pambo, utaliona kwenye hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Kagua betri, halafu tundu

Simu iliyolala kabatini mwaka mzima huamka na maradhi mawili, na yote mawili yanaonekana kwa macho.

Ilaze mezani, kioo kikiangalia juu, uisukume kona kwa kidole. Ikizunguka kama pia, mgongo umevimba, na kilichovimba ni betri. Fundi mmoja aliishika yangu ya kwanza, akaipima kiganjani, akanirudishia: "Kaka, hii ina mimba. Usiisubiri ijifungue."

Tahadhari: betri iliyovimba ina gesi inayowaka. Usiichaji, usiitoboe, usiiminye ili kifuniko kifunge. Mpelekee fundi aibadilishe, au tafuta simu nyingine.

Kisha tundu la hedifoni. Miaka ya kukaa mfukoni hulijaza vumbi na nyuzi za nguo mpaka pini haifiki mwisho, ndipo unapata sauti sikio moja tu. Zima simu, zungusha kijiti taratibu, toa uchafu, pigapiga kwa mswaki. Sindano usiitie humo, inakwangua na kupinda vyuma vidogo vya ndani.

Utajua umefaulu: chaji ijae, toa laini, iache imewaka usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi ikiwa bado juu ya asilimia 80, betri inafaa kwa kazi hii. Ikiwa imezimika, badilisha betri kwanza ndipo uendelee.

## Hatua ya 2: Toa akaunti kwanza, ndipo ufute simu

Tunaifuta simu ili itoke na kila kilichokuwa kikikuvuta. Lakini mpangilio ni muhimu mno, na nimeshapigiwa simu nyingi kwa sababu ya hatua hii. Moja ilikuwa ya binti wa dada yangu:

"Shikamoo mjomba. Ile simu imejifunga."

"Marahaba. Umeifanyaje?"

"Nimebonyeza vitufe vya pembeni ikajifuta. Sasa inataka akaunti ya kaka."

"Si umuulize?"

"Yuko Muscat mjomba, na nywila hata yeye haikumbuki."

Kuanzia Android 5.1, simu inayofutwa kwa vitufe huku akaunti ya Google ikiwa bado ndani huamini imeibiwa. Inadai akaunti ileile ya mwisho, na bila hiyo haifunguki. Ni kinga nzuri dhidi ya vibaka, ila haimtambui mpwa.

Fanya hivi:

1. Hamisha picha, majina na chochote unachokihitaji. Kikishafutwa hakirudi.
2. Ingia Mipangilio, fungua sehemu ya akaunti, ondoa kila akaunti ya Google moja baada ya nyingine.
3. Ondoa pia namba ya siri au mchoro wa kufungulia kioo.
4. Toa laini na kadi ya zamani.
5. Sasa, ukiwa ndani ya Mipangilio, chagua kurejesha simu katika hali ya kiwandani.

Utajua umefaulu: simu inawaka na kukukaribisha kama mpya, na ikiomba akaunti inakupa nafasi ya kuruka. Ruka. Ruka kila kinachorukika.

## Hatua ya 3: Sakinisha kitu kimoja, zima vingine vyote

Kwanza angalia tarehe. Simu iliyokaa bila laini inaweza kuamini tuko miaka kadhaa nyuma, na tarehe ikiwa ya uongo kivinjari hukataa kufungua tovuti kikidai si salama. Rekebisha, halafu unganisha Wi-Fi kwa mara ya mwisho.

Programu ninayopendekeza ni VLC. Ni ya bure, haina matangazo, inacheza MP3, FLAC (faili kubwa zaidi lenye sauti kamili) na karibu kila faili utakalolipata. Unaipakua moja kwa moja kutoka videolan.org bila akaunti yoyote. Utaona matoleo kadhaa kulingana na aina ya prosesa. Ukichukua lisilo lako simu itakataa tu kusakinisha, hakuna kinachoharibika, chukua la pili. Kama kivinjari cha simu kimezeeka na kurasa hazifunguki, pakua kwa simu yako ya kila siku, lipitishe kwenye kadi.

Baada ya hapo pita kwenye orodha ya programu na ubonyeze Zima kwa kila kinachokubali: kivinjari, YouTube, Play Store, barua pepe, michezo iliyokuja na simu. Visivyokubali kuzimwa viondoe kwenye kioo cha mwanzo. Mwisho washa hali ya ndegeni.

Kuna watakaouliza kwa nini wasibakize kivinjari, "cha kutafutia maneno ya nyimbo tu". Nilikibakiza mwaka wa kwanza. Nilikuwa naingia kutafuta mstari mmoja wa wimbo, natoka baada ya dakika arobaini nikijua bei ya matairi.

Utajua umefaulu: unawasha kioo na kuna picha moja ya programu. Mtoto akiishika simu anairudisha ndani ya dakika moja kwa kuchoshwa.

## Hatua ya 4: Usiiamini kadi mpaka umeijaribu

Niliwahi kununua kadi ya GB 128 kwa bei iliyonifurahisha. Nikaijaza. Nyimbo za mwanzo zilicheza vizuri, nikashukuru. Kuanzia katikati majina yapo, ukubwa wa faili upo, ukibonyeza kimya. Nikailaumu simu, nikailaumu VLC, mwisho nikaijaribu kadi: ndani yake mlikuwa na GB 8 tu.

Kadi bandia hufanya kazi hivyo. Kidude kinachoiendesha kimefundishwa kuiambia kompyuta uongo kuhusu nafasi. Unakili faili, unaambiwa limeingia, kumbe limemwagika au limeandikwa juu ya lingine. Kwa macho huwezi kuitambua, na maandishi ya juu yake si ushahidi.

Kwenye Windows tumia programu ndogo ya bure iitwayo H2testw. Kwenye Linux na Mac ipo F3. Zote hujaza kadi nzima kisha husoma tena kila kilichoandikwa na kulinganisha. Kwa GB 32 jiandae kusubiri saa nzima au zaidi, kwa hiyo anza ukaendelee na shughuli nyingine. Isikushtue kompyuta kuonyesha GB 29 hivi badala ya 32. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu, si wizi.

Ikipita, ingiza kadi kwenye simu na uifute yote (format) ukiwa ndani ya simu yenyewe. Simu itakuuliza: itumike kama hifadhi ya kubebeka au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani?

Tahadhari: chagua hifadhi ya kubebeka. Ile nyingine huifungia kadi kwa siri za simu hiyo moja. Simu ikifa, kadi inakufa nayo, na hakuna kompyuta itakayoisoma.

Utajua umefaulu: kipimo kimemaliza bila kosa hata moja, na ukiihamishia kadi kwenye kompyuta inafunguka kama flashi.

## Hatua ya 5: Chagua albamu saba, si nyimbo elfu saba

Hapa ndipo kwenye kiini, na kosa la hapa si la kiufundi.

Watu wakiona nafasi ya saa 200 wanaijaza. Halafu wanafanya na simu hii kilekile walichokuwa wakifanya mtandaoni: wimbo sekunde ishirini, ruka, sekunde kumi, ruka. Hawajaacha tabia, wameihamishia kifaa kingine. Muziki mpya unaposhindwa kukuingia, mara nyingi ni kwa sababu kuna mwingine elfu sita unasubiri nyuma ya kidole.

Ninaweka albamu saba kwa mwezi. Mgawanyo wangu:

- tatu za wasanii ambao sijawahi kuwasikia kabisa;
- mbili za mtu wa karibu yangu kijiografia, ambaye ningeweza kumwona jukwaani nikitaka;
- moja iliyorekodiwa kabla sijazaliwa, maana mpya kwangu si lazima iwe mpya duniani;
- moja katika lugha nisiyoielewa hata neno.

Kuzipata. Acha kusubiri mashine ikupendekezee, kwa kuwa inakupendekezea kinachofanana na cha jana. Fuata watu. Chukua orodha ya wasanii wa tamasha, kwa mfano Sauti za Busara la Zanzibar linalofanyika kila Februari, uweke alama kwa kila jina usilolijua. Au fuata lebo. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ndiyo iliyotoa mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam mwaka 2017. Ukiupenda, angalia nini kingine wametoa, na utajikuta kwenye midundo usiyoijua ya Uganda na kwingineko. Mwenye duka la kuingiza nyimbo kwenye flashi mtaani kwenu naye ana masikio, muulize yeye mwenyewe husikiliza nini akifunga duka.

Kuzinunua. Unahitaji faili lenyewe, si ruhusa ya kulisikiliza. Nyimbo "ulizopakua" ndani ya programu za kutiririsha zimefungwa humo humo, huwezi kuzihamishia kwenye kadi hii. Spotify, kwa mfano, inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinaondoka.

Bandcamp inauza faili moja kwa moja kwa niaba ya wasanii na lebo, inakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na unachagua mwenyewe MP3 au FLAC. Unalipa kwa kadi, na kama huna akaunti ya benki zipo kadi za mtandaoni za huduma za pesa za simu. Kenya, M-Pesa GlobalPay ya Safaricom ipo tangu 2022. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, ina MP3 nyingi za wasanii wa Afrika za kupakua. CD za mzee zilizo kabatini zinakiliwa kwenye kompyuta. Na usione haya kumwandikia msanii mdogo kumuuliza kama anauza faili. Wengi wanafurahi.

Kutoa sauti kwenye video za mtandao sikushauri. Msanii hapati kitu, na wewe unapata sauti iliyobanwa mara mbili.

Kwa wanaohofia bando, piga hesabu. Albamu ya dakika 45 kwa kbps 320 ni MB 108. Ipakue mara moja, yamekwisha. Ukiitiririsha mara ishirini kwa kiwango hichohicho, umetumia zaidi ya GB 2 kwa muziki uleule.

Utajua umefaulu: unaweza kuzitaja albamu zote saba bila kuangalia.

## Hatua ya 6: Zipe nyimbo majina yao

Albamu ikinunuliwa Bandcamp huja imefungwa kwenye faili la zipu. Lifungue kwenye kompyuta kwanza. Kuna waliolinakili kama lilivyo kisha wakaniambia simu haioni nyimbo.

Fahamu pia kwamba wimbo una majina mawili. Lipo la faili, unaloliona kwenye folda, na lipo lililoandikwa ndani ya faili: msanii, albamu, namba ya wimbo. Kicheza muziki husoma la ndani. Ndiyo maana unabadilisha jina la faili na bado VLC inaonyesha anwani ya tovuti ulikopakua, au msanii mmoja anatokea mara nne kwa sababu kila mara ameandikwa tofauti.

1. Tengeneza folda moja iitwayo Muziki, ndani yake folda ya kila albamu.
2. Fungua albamu kwa Mp3tag ya Windows au MusicBrainz Picard, zote hazina malipo. Picard huweza kuitambua albamu na kujaza majina yenyewe, ila kwa muziki wetu mwingi haiufahamu, utaandika kwa mkono.
3. Hakikisha jina la msanii na la albamu limeandikwa sawasawa kwa nyimbo zote, hadi herufi kubwa.
4. Kwenye majina ya faili andika namba kwa tarakimu mbili: 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, simu inaweza kupanga 1, 10, 11, 2, na wimbo wa mwisho utausikia wa pili.
5. Weka picha ya jalada ndani ya folda. Si lazima, lakini jicho nalo linataka kujua liko wapi.

Mpangilio si usumbufu wa bure. Msanii aliyeweka wimbo wa polepole baada ya mitatu ya kasi alikuwa na nia yake, na ukichanganya hutaijua.

Na yule mwenyekiti wa kamati ya harusi? Sauti za WhatsApp ni mafaili ya opus, na VLC huyachukua kama nyimbo. Kadi mpya na simu iliyofutwa humalizana nayo. Akijitokeza tena, ujue ulinakili folda nzima ya simu ya zamani. Futa folda ya WhatsApp kwenye kadi.

Utajua umefaulu: VLC inaonyesha albamu saba, kila moja mara moja tu, na nyimbo zimepangwa kama alivyozipanga msanii mwenyewe.

## Hatua ya 7: Sikiliza mara tatu kabla ya kuhukumu

Sikio halipendi lisichokitambua. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara kwatosha kutufanya tukipende zaidi, hata bila kufundishwa chochote juu yake. Nyimbo za redioni hukuingia kwa njia hiyo: huzichagui, zinarudiwa. Sasa urudiaji uwe mikononi mwako.

Mara ya kwanza: mikono ikiwa na kazi. Osha vyombo, kuna nazi, piga pasi. Usijaribu kuelewa. Sharti ni moja: albamu nzima, bila kuruka. Mikono ikiwa na povu hata ukitaka kuruka huwezi, na ndiyo sababu ninaanzia jikoni.

Mara ya pili: umekaa, unafuata kitu kimoja. Hapa ndipo muziki hufunguka, kwa hiyo nitaeleza kwa mifano.

Albamu ya taarab ya zamani ilinishinda kwa wiki nzima. Kila wimbo nilisikia ni uleule, mrefu, hauna haraka. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikakaa kibarazani na simu hii kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na chaji. Nikaamua kufuata kanuni tu, ile ala ya nyuzi inayopigwa kwa vidole, nikamwacha mwimbaji apite. Wimbo wa pili nikagundua kitu: mwimbaji akivuta pumzi, kanuni haipumziki. Inaokota mwisho wa mstari wake, inaurudia kwa vidole, inaukunja kidogo, halafu inamrudishia. Ni mazungumzo. Na fidla zinasubiri mpaka wawili hao wamalizane ndipo ziingie zote kwa pamoja kama watu waliokuwa wakisikiliza mlangoni. Kuanzia hapo zile dakika kumi zilikuwa fupi.

Singeli ilinipa shida ya upande mwingine. Mara ya kwanza nilisikia mashine ya kusaga iliyokatika mkanda. Midundo inapita 200 kwa dakika, na ukijaribu kutikisa kichwa kwa kila pigo shingo inasalimu amri. Hesabu moja kwa kila mapigo manne. Ghafla kuna mwendo wa mtu anayetembea taratibu, na juu yake msimulizi anaeleza kisa chake bila haraka yoyote. Kasi ilikuwa ya ngoma, hadithi haikuwa na kasi.

Kwa hiyo chagua kitu kimoja kwa albamu nzima: ala moja, au sauti ya chini kabisa, au mahali ambapo ngoma zinanyamaza. Muziki wa lugha usiyoijua fuata pumzi za mwimbaji.

Mara ya tatu: siku nyingine, na daftari. Andika mistari mitatu tu. Tarehe, dakika iliyokushtua, na swali moja. Langu la mwezi uliopita linasema: "4:10, nani anapiga kengele?" Nilipotafuta aliyepiga nikampata kwenye albamu nyingine mbili, na mojawapo iko kwenye kadi sasa hivi.

Baada ya mara tatu una haki ya kuichukia. Kwangu, katika saba, mbili huwa nazichukia kabisa na siombi radhi.

Tahadhari ya masikio: Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu. Kipimo cha nyumbani: mtu aliye umbali wa mkono akizungumza kawaida na humsikii kabisa, punguza. Na usivae hedifoni zote mbili ukiwa bodaboda au unavuka barabara.

Utajua umefaulu: unajikuta unaimba kipande fulani ukiwa kwenye foleni ya daladala, na inakuchukua muda kukumbuka kimetoka wapi.

## Hatua ya 8: Itenge na simu kubwa

Simu ya muziki ikilala kando ya simu kubwa, yaani ile ya kila siku, simu kubwa hushinda. Si kwa sababu huna nidhamu. Imetengenezwa na watu wenye akili wanaolipwa ili ishinde.

Ziweke chumba tofauti. Yangu ya muziki inachajiwa jikoni, kubwa inachajiwa sebuleni. Kwenye kubwa, ondoa programu za muziki kwenye kioo cha mwanzo, bakiza moja kwa ajili ya kuonja wimbo au miwili kabla ya kununua albamu. Zima arifa za kila kitu isipokuwa simu na ujumbe wa watu, kisha panga "Usinisumbue" kwa saa moja unayosikiliza, ukiruhusu namba za nyumbani zipite. Bila hiyo ruhusa ya mwisho utakaa na wasiwasi, na wasiwasi hauendi na taarab.

Jumapili ya kwanza ya mwezi badilisha albamu. Ulizozipenda zihamishie folda nyingine kwenye kompyuta, zisibaki kwenye kadi. Unaweza kubakiza moja. Ukibakiza tatu, mwezi ujao utasikiliza hizo tatu.

## Wanaporudi kwangu baada ya hapo

"Sauti inakatikakatika." Chezesha pini kidogo. Ikibadilika, rudia kusafisha tundu. Isipobadilika, jaribu hedifoni nyingine kabla ya kumwona fundi.

"Simu inasema kadi imeondolewa ghafla." Toa kadi, futa sehemu za shaba kwa kitambaa kikavu, rudisha. Ikijirudia, ijaribu upya kama hatua ya 4. Kadi nayo huchoka.

"Wiki ya tatu nimechoka." Kagua idadi ya albamu. Karibu kila anayeniambia hivi ameshaongeza, na wa mwisho alikuwa na 61.

"Simu imekufa." Hilo litatokea, ni mzee. Toa kadi, itie kwenye simu nyingine yoyote ya zamani au hata kwenye spika ya mtumba yenye sehemu ya kadi, na uendelee na wimbo uleule ulipoishia.